Nimelipa 250,000 wapange picha za familia, wamenirudishia bibi wa watu

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nina hasira tangu Alhamisi na hapa nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Mimi ni Mnubi, kizazi cha askari wa Kisudani walioletwa Uganda enzi za ukoloni, wa Bombo, mji ulio kaskazini ya Kampala. Ukoo wetu umepanga kukutana wiki mbili baada ya Idi, tumsomee dua bibi, mzaa mama, na tuonane tu, maana wengine wako Juba, wengine Arua, wengine Kibra kule Nairobi. Kila mtu akapewa kazi yake. Mimi nikapewa kolaji ya picha za familia, yaani picha nyingi zilizopangwa kwenye moja, kubwa, itundikwe sebuleni kwa mama. Binamu yangu alipewa kutafuta mbuzi, akamaliza kwa nusu siku. Ningejua ningebadilishana naye.

Nikapeleka picha Nasser Road. Kwa msioijua Kampala, huo ndio mtaa wa uchapaji: kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya wagombea, kila kitu cha karatasi utakipata huko. Duka silitaji, na yule kijana jina lake hata silijui vizuri. Tukakubaliana kanvasi ya A1, yaani sentimita 59.4 kwa 84.1, na fremu ya mbao nyuma, kwa shilingi 250,000 za Uganda. Nikatoa 150,000 papo hapo, nyingine siku ya kuchukua. Picha zilikuwa 23.

Sasa kati ya hizo 23, ishirini ni za simu, za harusi na za Idi, ambazo zikiharibika watu watavaa tena na kupiga nyingine. Tatu ndizo zenye kesi. Hizo ndizo zilizovuka mwaka 1979. Wazee wanaojua habari za Wanubi baada ya Rais Idi Amin kuanguka hawahitaji kuelezwa: tulihesabiwa watu wake, tukawindwa. Watu walifunga kilichobebeka wakaelekea kaskazini, na albamu haikuwa kitu cha kubeba. Bibi alizichomeka picha tatu ndani ya msahafu, zikafika Sudan, zikarudi nasi miaka ya themanini. Nyingine zote ziliishia humo humo njiani na majumbani.

Moja ya hizo tatu ni yeye mwenyewe. Ni kapicha ka sentimita sita kwa tisa, nyeusi na nyeupe, kingo zake za meno meno kama zile za zamani, ilipigwa studio ya Kampala miaka ya sitini. Amekaa kwenye stuli, amejifunga gurbaba, lile vazi la wanawake wa Kinubi, mkono mmoja umelala gotini. Hacheki. Na mashavuni ana chale zake, mistari mitatu kila upande, imesimama wima. Waganda walikuwa wakiwaita wazee wetu kwa namba, 111, kwa sababu ya mistari hiyo. Picha nyingine ya bibi hatuna. Hiyo moja tu.

Nikamwambia yule kijana, na namkumbuka akiitikia kwa kichwa huku akichezea simu: bibi akae katikati, awe mkubwa kuliko wote, wengine wamzunguke kwa vizazi. Basi. Sikusema mrekebishe. Sikusema mpendezeshe.

Alhamisi nikaenda kuchukua. Walikuwa wameshaifunga kwa nailoni ya mapovu, gundi ya plasta kila kona, na mvua inatishia. Nikalipa, nikapanda teksi, nimeikumbatia mpaka Bombo kama mtoto. Kosa langu la kwanza ni hilo. Sikuifungua pale pale dukani.

Tukaifungua sebuleni. Mama akavaa miwani, akasogea, akakaa kimya muda. Kisha akaniuliza:

"Huyu mliyemweka katikati ni nani?"

Nikadhani anatania. Nikaangalia. Gurbaba ni ya bibi, stuli ni ile, mkono uko gotini. Uso ni wa mwanamke mwingine. Ngozi laini kama sahani iliyooshwa, imeng'arishwa. Nyusi zimechongwa. Kope ndefu. Midomo imekaa kama anataka kutabasamu. Na mashavu meupe, hayana kitu. Chale zote sita zimefutwa.

Nikapiga simu dukani hapo hapo. Jibu nililopewa naliandika kama lilivyo: "Ssebo (bwana), ile picha ilikuwa na mikwaruzo usoni, tukaisafisha. Hatukukuchaji."

Mikwaruzo! Chale za bibi yangu ni mikwaruzo. Mwaka 1979 mistari ile ile ndiyo iliyomfanya ashindwe kujificha, uso wake ulikuwa umeshamtaja kabla hajafungua mdomo. Hakuweza kuifuta. Dizaina wa Nasser Road ameifuta bure, kama ofa.

Nimekaa na mpwa wangu, ambaye anasoma mambo ya kompyuta, akanieleza kinachofanyika, nanyi mlio na picha za zamani mjue. Kusafisha picha kwa mkono ni kazi ya zamani na ni halali kabisa: unachukua kipande cha ngozi cha jirani unafunika mkwaruzo, mmoja baada ya mwingine, na anayefanya ni mtu, ana macho, anaweza kuuliza "hii ni doa au ni alama yake?" Hizi za siku hizi za kubonyeza mara moja ni habari nyingine. Programu ikipewa uso mdogo wenye ukungu haiwezi kuona kilichokuwapo, kwa hiyo inachora uso mpya kwa kukisia, kutokana na maelfu ya nyuso ilizofundishwa. Mstari ulionyooka shavuni inauhesabu kuwa ni ufa wa karatasi. Hivyo zile kope, zile nyusi, ule mdomo, hakuna hata kimoja kilichotoka kwa bibi. Vyote vimeazimwa kwa watu tusiowajua, na sisi tulitaka tuvisomee dua.

Na hapo sijaanza mengine.

Ile picha ya bibi hawakuiskani. Niliwapa mkononi, nikasimama pale, wakaiweka mezani wakaipiga kwa simu chini ya taa ya tyubu. Ndiyo maana ilikuwa na ukungu! Wangeilaza kwenye skana kwa dpi 900, yaani nukta 900 kwa kila inchi, kapicha ka sentimita sita kwa tisa kangeweza kukuzwa mara tatu na kubaki na dpi 300 za kuchapia. Hesabu ya darasa la sita. Badala yake wamepiga kwa simu, ikatoka vibaya, halafu wakaitibu kwa kuiua.

Picha za simu nilikuwa nazo kwenye fleshi. Kijana akasema kompyuta yake ina wasiwasi na fleshi za watu, nimtumie WhatsApp. Nikatuma. Sasa picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ukiituma kawaida inafika ikiwa 1600 kwa 1200, WhatsApp inaibana njiani ili iwe nyepesi. Akachukua ile ya harusi ya dada akaivuta mpaka sentimita 40, hapo inabaki kama pikseli 100 tu kwa kila inchi. Ukiwa mlangoni inapita. Ukisogea, dada ana uso wa vigae. Angeniambia tu nizitume kama dokumenti, zingefika nzima. Mtu wa kazi hiyo kila siku hajui hilo?

Halafu kuna mdogo wangu. Nafasi aliyomwekea ilikuwa ya mlalo, picha yake ni ya wima. Mtu mwenye akili anakata, au anabadilisha nafasi. Yeye akaivuta pembeni mpaka ikajaa. Mdogo wangu ni mwembamba tangu azaliwe, mle ndani amekuwa mpana kama kabati la vyombo, na kanzu imempanukia mpaka vifungo vimekuwa mayai. Watoto wanacheka mpaka leo. Yeye mwenyewe yuko Juba hajaiona, na hataiona.

Shangazi zangu wawili wa pembeni hawana vichwa, au niseme vichwa vyao viko nyuma ya ukuta. Kanvasi inakunjwa kuzunguka fremu ya mbao, inaliwa sentimita nne au tano kila upande, kwa hiyo mpangaji anatakiwa aache ukingo mtupu wa kukunjwa. Hakuacha. Shangazi mkubwa, paji la uso liko upande wa juu wa fremu. Ukitaka kumsalimia upande ngazi.

Na juu kabisa, kwa dhahabu, kuna maneno ya Kiingereza kwamba familia ni upendo wa milele, na mioyo miwili na njiwa. Nani aliomba njiwa? Ni kiolezo chao, wanamwekea kila mtu. Ammi yangu, ambaye hata picha ukutani hazikubali tangu mwanzo, alipoona njiwa akasema Alhamdulillahi na akatoka nje.

Ijumaa nikarudi Kampala. Nikasema sawa, kuchapa mmeshachapa, nipeni faili la kazi nikarekebishe mwenyewe. Nikapewa JPEG. Wakuu, mnaojua mnajua: faili la kazi lina leya, kila picha iko peke yake, unaweza kumtoa mmoja ukamsogeza mwingine. JPEG ni ugali uliokwisha pikwa, huwezi kurudisha unga. Nikaomba lenye leya. Wakasema hilo ni mali ya duka, nikilitaka ni 80,000, na kuchapa upya ni bei kamili. Mali ya duka! Bibi yangu, msahafu wa bibi yangu, picha 23 za kwetu, zimekuwa mali ya duka kwa kuwa wameweka njiwa.

Niliondoka kabla sijasema neno la kunifikisha polisi. Nikala rolex moja, chapati ya kuviringishwa na mayai, kando ya barabara, nikarudi nyumbani.

Jumamosi nikaanza mwenyewe na GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure, kwenye laptop ya mpwa ambayo betri yake ilishakufa, inaishi kwa waya. Nilitengeneza turubai ya pikseli 7016 kwa 9933, ndiyo A1 kwa dpi 300, na mashine ikaanza kupumua kama mgonjwa wa pumu. Nikashuka nusu, dpi 150, ikakubali, na kwa kitu cha ukutani inatosha. Nikajifunza kile kimnyororo kidogo kwenye kubadilisha ukubwa, kikiwa kimefungwa picha inakua bila kunenepa. Kitu cha kubofya mara moja! Mdogo wangu alinenepeshwa kwa uvivu wa kubofya mara moja. Saa tatu na nusu usiku nina picha kumi na nne zimekaa vizuri, umeme ukakatika. Sikuwa nimehifadhi.

Nikaanza upya uliporudi. Safari hii nikawa na adabu, nahifadhi kila dakika chache. Saa nane usiku nikamaliza upande wa wajukuu, nikatoa JPEG nimtumie dada aone, usingizi umenishika, nikafunga programu, ikaniuliza kama nataka kuhifadhi, nikajibu sitaki. Leya zote za tangu nilipohifadhi mwisho zikaenda. Nimejipikia ugali wangu mwenyewe. Hili nalisema ili mjue sijioni fundi.

NYONGEZA, Jumapili usiku: Nimesoma majibu. Aliyesema "bibi amependeza, tatizo lako hujui kushukuru", ndugu yangu, nikikuchorea mama yako upya awe mrembo zaidi utamtundika? Wanaouliza kwa nini sikusaini makubaliano kwanza, mna haki, sina la kusema. Aliyenishauri nizichore chale juu ya uso ule mpya, nimejaribu kwa dakika tano nikaacha. Nilikuwa namchanja mwanamke nisiyemjua.

Picha ya asili ipo salama, ilirudi na alama ya kidole tu. Kanvasi iko nyuma ya kabati, imegeuzwa. Wageni wanaanza kufika Ijumaa. Nimeamua katikati bibi atakaa kama alivyo, na ukungu wake na meno meno ya karatasi yake, hata akiwa mdogo kuliko nilivyotaka.

Nachohitaji sasa ni mtu mwenye skana nzuri ya kulaza, Kampala au njia hii ya Bombo mpaka Wobulenzi, atakayekubali nikae pembeni yake akiskani. Picha siiachi, saa moja tu, nalipa. Aje PM, kwa ujumbe binafsi. Msahafu nitakuja nao mwenyewe.