Kufuta majina kwenye data za wagonjwa: inatosha kabla ya kuziweka hadharani?

Ramani_Wazi:
Wakuu, naomba mwongozo. Nina mradi wa muda wa ziada: ramani inayoonyesha magonjwa yalivyosambaa, ili wananchi waone huduma zimepungua wapi. Faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) lina mistari kama 6,200, kila mmoja mgonjwa wake: simu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, kijiji, tarehe ya kulazwa, ugonjwa. Majina nimefuta, namba za simu nimezipitisha kwenye SHA-256 (kanuni inayogeuza namba kuwa msimbo usiosomeka). Naweza kulipandisha GitHub, tovuti ya kuweka faili na msimbo hadharani?

Mzani:
Usilipandishe, mkuu. Namba ya simu ya tarakimu 9 haiwezi kuwa na michanganyiko zaidi ya bilioni moja. Kompyuta ya kawaida inaipitisha yote kwenye SHA-256 kwa dakika kadhaa, inalinganisha na misimbo yako na kurudisha namba halisi. Futa safu hiyo kabisa.

Hatari kubwa zaidi ni tarehe ya kuzaliwa, jinsia na kijiji vikikaa pamoja. Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha ya data, kwa sensa ya Marekani ya 1990, alikadiria kwamba 87% ya watu wa huko wangeweza kutambulika kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta wa tarakimu 5 tu. Kijiji kwenye faili lako huenda kina watu wachache kuliko eneo la msimbo huo.

Umri uweke kwenye makundi ya miaka 5, na wenye 85 kwenda juu wawe kundi moja. Tarehe ya kulazwa ibaki mwezi. Kijiji kipandishe ngazi moja au mbili, yaani weka eneo kubwa zaidi kama kata au wilaya. Kisha tafuta kundi dogo kuliko yote, kwa pandas (zana ya Python ya kuchambua data):

`df.groupby(["eneo","umri","jinsia"], dropna=False).size().min()`

Hiyo `dropna=False` usiisahau. Bila hiyo pandas inaruka mistari isiyo na umri au eneo, nawe unaamini uko salama. Jibu likiwa chini ya 10, panua makundi urudie.

Kibaba:
Hata 10 haitoshi ikiwa wote kumi wana ugonjwa uleule: anayejua jirani yake yumo ameshajua anaumwa nini. Kwa ramani huhitaji mistari ya watu kabisa. Chapisha jedwali la idadi kwa eneo na ugonjwa.

Ramani_Wazi:
Asante sana. Kwenye jedwali, idadi zilizo chini ya 5 nikizificha, jumla naweza kuiacha?

Kibaba:
Hapo ndipo wengi wanapokosea. Eneo lina 31, 13 na 3, jumla 47. Ukificha 3 peke yake, 47 − 31 − 13 inairudisha. Ficha na 13 pia. Kama una jumla za chini vilevile, kila safu yenye kilichofichwa iwe na viwili, la sivyo itafumuka kwa upande wa pili. Jumla ya mwaka nayo inafichua mwezi uliofichwa ikiwa miezi 11 mingine iko wazi.

Mzani:
Na kama faili ghafi lilishaingia kwenye Git (mfumo unaotunza kila toleo la faili), hata kwenye hazina (folda ya mradi) ya siri, kulifuta leo hakuliondoi kwenye historia. Anzisha hazina mpya yenye jedwali na msimbo wa ramani tu, na jina la faili ghafi liandike kwenye `.gitignore` (orodha ya faili ambazo Git isizichukue) kabla ya komiti ya kwanza, yaani kabla ya kuhifadhi toleo la kwanza.