Majibu ya usaha wa mzee ni R tupu, zile sindano za mwanzo zilikuwa feki au?

Kijana wa Kota
Wakuu habari za jioni. Mzee wangu aligongwa na bodaboda mwezi uliopita, mguu ukavunjika chini ya goti, wakamfanyia oparesheni wakaweka chuma. Wiki ya kwanza fresh tu, ya pili kidonda kikaanza kutoa maji, mara usaha, mara homa ya usiku mpaka shuka linalowa. Kapigwa sindano za antibiotiki, seftriaksoni, siku kumi hola, ndo akaja dokta mwingine akasema usaha upelekwe maabara ukaoteshwe. Karatasi ninayo hapa, imeandikwa bakteria Klebsiella halafu chini R R R R, S ziko mbili tu, amikasini na meropenemu. Hiyo meropenemu anachomwa kila baada ya masaa nane na tunainunua nje. Sasa zile za mwanzo zilikuwa feki au tunapigwa hela? Na huo usugu kautoa wapi?

Darubini
Pole mkuu. Mi ni mtu wa maabara. Sio feki. Tunamwotesha mdudu kwenye sahani, tunapanga juu vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa, kesho yake ukikuta duara safi kuzunguka karatasi basi dawa inamuweza, hiyo ndo S. R maana yake kaota mpaka kwenye karatasi yenyewe au duara ni dogo mno. Klebsiella wengi siku hizi wana kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni hata haijamgusa, na huo ujanja anaweza kumpa mdudu wa aina nyingine kabisa. Kwa hiyo sio mwili wa mzee uliozoea dawa, ni mdudu. Amikasini ina kawaida ya kugusa figo na masikio, kwa mtu mzima nadhani ndo maana dokta kaikwepa.

Hasara Roho
Mi bado nasema hela. Siku kumi unachoma mtu bila kuotesha, bili analipa nani?

Mama Wawili
Huyo wa hapo juu hajakosea sana, usaha ulitakiwa uchukuliwe mapema, majibu ni siku mbili tatu tu. Mi nimekuwa nesi wodi ya mifupa miaka mingi na nakwambia mwanangu mdudu huyu anaweza kuwa kamkuta humo humo ndani, anakaa kwenye sinki, kwenye reli ya kitanda, kwenye mikono yetu, unafunga kidonda kitanda cha nne unaenda cha tano na spiriti ya mikono imeisha tangu asubuhi. Na sio mambo ya jana, watoto waliopimwa damu Muhimbili 2001 na 2002, wale wenye wadudu wa kundi kubwa alimo Klebsiella walikufa kwa kiwango zaidi ya mara mbili ya wenye malaria. Ila muulizie na kile chuma. Mdudu akikaa juu ya chuma anajitandia ute, kama ule wa ndani ya ndoo iliyokaa na maji, dawa inapenya kwa shida, wengine inabidi warudi ndani wasafishwe.

Kijana wa Kota
Asante mama. Jana nimeenda home kumchukulia nguo nikakuta chini ya kitanda kopo la maziwa, ndani vidonge vya rangi mbili nusu pakti, azuma (antibiotiki azithromaisini) kimoja kati ya vitatu, na vingine havina hata jina. Namuuliza ananiambia hizo za akiba, akikohoa anameza mbili, jino likiuma mbili, na jirani akija anapewa!!

Darubini
Duh. Hiyo azuma WHO wameiweka kundi la dawa za kutumia kwa uangalifu, kundi moja na meropenemu. Dukani unapewa kama pipi.

Kijana wa Kota
Leo siku ya nne ya meropenemu, homa imeshuka. Kesho asubuhi anarudi ndani kusafishwa, chuma wataamua huko huko. Kopo nimeondoka nalo, nitupe wapi?

Mama Wawili
Usimwage chooni. Lilete famasi ya hospitali, na kesho mzee asile kitu.