Hukumu ya Bobigny: gemu za Ubisoft tuendelee kununua au tuache?

Wakili Mtoro (mleta mada)
Wakuu salaam. Kuna jambo naona limepita kimya kimya huku kwetu. Tarehe 2 Julai 2025 mahakama ya Bobigny, pembeni mwa Paris, iliwatia hatiani mabosi watatu wa zamani wa Ubisoft, kampuni ya gemu ya Ufaransa, hawa wenye Assassin's Creed na Far Cry. Tommy François kapewa kifungo cha nje miaka mitatu na faini yuro 30,000. Bosi wake, Serge Hascoët, miezi 18 ya nje na faini yuro 45,000. Wa tatu, Guillaume Patrux, miezi 12 ya nje. Makosa ni unyanyasaji wa wafanyakazi, na François akaongezewa jaribio la shambulio la kingono. Mahakamani ilielezwa jinsi alivyomlazimisha binti aliyevaa sketi asimame kwa mikono, kichwa chini miguu juu. Kazini!

Swali langu ni moja, na naomba tusitoke nje ya mada: sisi tunaotoa hela zetu, tuendelee kununua au tuache?

Kiroboto
Tuanze na nani hapa ananunua. Gemu zangu zote zimetoka kwenye flashi ya jamaa wa Kariakoo. Nimewasusia tangu 2009 bila kujua.

Pedi Mbovu
Kiroboto umefunga uzi 😂😂

Ila mimi siachi. Waliokosa wamehukumiwa, basi. Hascoët mwenyewe alishaondoka tangu 2020 habari zilipovuja. Mle ndani kuna maelfu ya watu wamechora, wametunga muziki, leo niwanyime riziki kwa sababu ya mabosi watatu? Tena tuambizane ukweli, wengi wanaopiga kelele hata pedi ya kuchezea gemu hawajawahi kuishika. Utasikia "karibu nusu ya wachezaji Marekani ni wanawake". Nusu ipi? Wamewaingiza humo mama zetu wanaopanga pipi za Candy Crush kwenye simu wakisubiri daladala. Kupanga pipi nako ni gemu?

Mama Ntilie 2.0
Niko levo ya 3412. Narudia, 3412, na sijanunua hata nyundo moja ya kuvunjia pipi. Njoo hapa bandani useme mbele ya wateja kwamba hii si gemu. Na kama ni wewe ninayekudhania, njoo na deni la wali.

Mrefu wa Nakuru
Huyu wa pipi hajui anacheka pesa ya nani. King, wenye Candy Crush, walinunuliwa na Activision, wenye Call of Duty, mwaka wa 2016 kwa dola bilioni 5.9. Kwa hivyo Call of Duty yako na pipi za mamako zinakula sahani moja. Na hao Activision ndio walipelekwa kortini na jimbo la California Julai 2021: wanawake wanalipwa kidogo, wanacheleweshwa vyeo, na wanaume wamelewa mchana wanatambaa dawati hadi dawati wakisumbua mabinti. Wiki iliyofuata wafanyakazi wa Blizzard, tawi la Activision hao hao, walitoka nje wenyewe na mabango.

Pedi Mbovu
Bei haifanyi kitu kuwa gemu. Hata mkeka wa kubeti una mabilioni. Gemu ni ile ambayo ukipigwa unampisha mwenzio. Pipi unampisha nani?

Mama Ntilie 2.0
Simu ikiisha chaji nampisha mume wangu aongee na mimi.

Bwana Chenji
Hiyo kesi ya California mnaisimulia nusu. Iliishaje? Jimbo lenyewe lilifuta madai ya unyanyasaji wa kingono, na kwenye makubaliano ikaandikwa kwamba hakuna mahakama wala uchunguzi huru uliothibitisha kuwa umeenea kwenye kampuni. Nasubiri mtu aniambie hapo nimesema uongo wapi. Siku hizi mwanamke akishindwa kazi, kesi hiyo.

Wakili Mtoro
Hujasema uongo, umeishia njiani. Hayo makubaliano ya Desemba 2023 yalikuwa na malipo ya kama dola milioni 54, kwa ajili ya mishahara na vyeo. Hiyo sehemu haikufutwa. Na kabla ya hapo, 2022, walishalipa dola milioni 18 kwenye kesi nyingine, ya tume ya ajira ya serikali kuu, na ile ilikuwa na unyanyasaji ndani yake. Riot nao, wenye League of Legends, walikubali kutoa dola milioni 100 mwaka 2021 kwenye kesi ya ubaguzi wa wanawake. Watu hawagawi milioni mia kwa sababu ya umbea.

Bwana Chenji
Matajiri hulipa ili kesi iishe. Hata wewe trafiki akikusimamisha unalipa, si kwamba una kosa.

Kiroboto
Hapo kwa trafiki Chenji kaongea.

Binti wa Chumbageni
Nilikuwa napita tu, ila "mwanamke akishindwa kazi, kesi hiyo" imenirudisha. Jen Oneal alishindwa kazi gani? Walimpandisha kuiongoza Blizzard pamoja na mwanamume, Mike Ybarra, Agosti 2021, moto ukiwa unawaka. Cheo kilekile, kiti kilekile, mshahara wake ukawa mdogo. Hiyo ni baada ya kushtakiwa, wakiwa wanaangaliwa na dunia nzima! Novemba akatangaza anaondoka. Wakiwa hawaangaliwi je?

Na wewe wa pedi. Mimi pedi nimeishika kabla wewe hujaota ndevu. Chumbageni, Tanga, mwaka 2004, nikiwa darasa la sita. Kulikuwa na kibanda cha gemu, PlayStation mbili, TV za chogo, benchi moja, khanga mlangoni kuzuia jua. Shilingi mia gemu moja, anayepigwa anatoka. Nilikuwa nikitumwa sukari chenji inaishia humo, na nimechapwa sana kwa ajili hiyo.

Siku ya kwanza nikawapiga watatu mfululizo Tekken 3, ile gemu ya kupigana. Wa kwanza akasema jua lilimwingia machoni. Wa pili akasema nimebahatisha. Wa tatu, kaka mkubwa wa kidato cha pili, akasema ameniachia kwa kuwa mimi mtoto wa kike. Mpaka leo sijawahi kupata mtu aliyekubali kwamba nimempiga. Kesho yake mwenye kibanda akatoa sheria: wasichana mwisho saa tisa alasiri. Shule tulikuwa tunatoka saa nane na nusu.

Pedi Mbovu
Pole bibie. Swali dogo tu la kitaalamu. Hao watatu uliwapiga kwa mhusika gani?

Binti wa Chumbageni
Eddy.

Pedi Mbovu
HAHAHAHAHA. Wakuu nimemaliza. Mwenye kibanda apewe ulinzi.

Kiroboto
Eddy Gordo tena 😭 Manzese kwetu ukimchukua Eddy unatolewa na jiwe. Unabonyeza ovyo ukiwa umefumba macho na bado mtu anapigwa mateke.

Fundi Sola
Eddy si ushindi. Eddy ni ajali.

Mrefu wa Nakuru
Wacheni hizo. Eddy anacheza kapoeira, ule mchezo wa mateke wa Brazili, ukikaa chini mbali naye ukakinga mateke yake hana kitu. Mnaolia Eddy ni watu hamkuwahi kujifunza kukinga chini.

Fundi Sola
Mchezaji wa kweli anachukua King. Mikamato ya mnyororo, unakariri vitufe kumi kichwani. Hapo ndipo akili.

Mama Ntilie 2.0
King si ndio wa pipi?

Fundi Sola
Mama, huyu ni King mwenye kichwa cha chui.

Mama Ntilie 2.0
Basi hata mimi nimemkariri, miaka kumi naye kila siku.

Kiroboto
Huyu mama apewe uongozi wa uzi.

Bwana Chenji
Mnaona sasa? Ndio maana nasema. Mtu ameshinda kwa Eddy, amebeba kinyongo miaka ishirini, anakuja kukiita unyanyasaji wa jinsia. Ingekuwa kijana kachukua Eddy angezomewa vilevile.

Wakili Mtoro
Wakuu, Ubisoft jamani. Mkitaka kuzungumza wahusika ndani ya gemu, basi tuzungumze Assassin's Creed Unity, 2014. Waliulizwa kwa nini hakuna mwanamke wa kuchezeka kwenye mechi za pamoja, wakajibu ingekuwa kazi maradufu: miondoko mingine, nguo nyingine. Jonathan Cooper, aliyekuwa mchora miondoko wao, akasema hiyo ni kazi ya siku moja au mbili. Gemu hilo linahusu Mapinduzi ya Ufaransa, na Marat, mmoja wa vinara wa mapinduzi hayo, aliuawa na mwanamke.

Pedi Mbovu
Marat anachukua mhusika gani?

Binti wa Chumbageni
Chenji, umeuliza bila kuuliza, nakujibu. Unajua kwa nini nilimchukua Eddy? Kibanda kile kilikuwa na pedi nne. Tatu nzima, moja mbovu: kitufe cha mraba kimekufa kabisa, cha pembetatu unakikandamiza mpaka kucha inageuka nyeupe. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunapewa sisi. Dada zangu wawili walikuwa wanaiita pedi yetu. Mraba na pembetatu ni ngumi. X na duara ni mateke. Nikakaa nikawaangalia wahusika mmoja mmoja, nikatafuta nani anaweza kuishi kwa miguu tu. Hwoarang alinishinda. Eddy akakubali.

Kwa hiyo hao mnaosema wanabonyeza ovyo, mimi nilikuwa na vitufe viwili. Na wale wavulana walikuwa wanajua. Wao ndio walikuwa wanachagua pedi kwanza.

Fundi Sola
Dah.

Kiroboto
Chenji njoo na trafiki wako.

Pedi Mbovu
Sawa ya pedi nimekuelewa. Ila usiseme nilikuwa sijaota ndevu, 2004 nilikuwa kidato cha tatu, nina ndevu na nilishanyolewa na mwalimu wa zamu.

Binti wa Chumbageni
Umejibu ndevu! Na hiyo "bibie" yako nimeiona, niliinyamazia. Mwanamume akitoa hoja hapa ni mkuu, mimi bibie.

Pedi Mbovu
Bibie ni heshima. Marehemu babu alikuwa anamwita bibi yangu hivyo.

Binti wa Chumbageni
Mimi si bibi yako.

Mrefu wa Nakuru
Sasa mnapigania majina. Kenya hapa tuko na Sylvia Gathoni, QueenArrow, Tekken hiyo hiyo, alisainiwa na timu ya nje 2018, mwanamke wa kwanza nchini. Amesomea sheria pia. Mwiteni bibie muone.

Na hii ya "umebahatisha" si ya Tanga peke yake. Korea Kusini 2016, binti wa miaka 17, Kim Se-yeon, wanamwita Geguri, anacheza Overwatch, gemu ya kulengana risasi ya hao hao Blizzard. Alikuwa analenga vizuri hadi wakasema anatumia programu ya wizi. Wachezaji wawili wakaapa ikionekana ni mkono wake wataacha gemu. Blizzard wakamkagua, wakasema yuko safi, haikutosha. Ikabidi aende studio akae na barakoa usoni, kamera moja kwenye skrini, nyingine kwenye mikono, watu wakitazama moja kwa moja. Akacheza vile vile. Wale wawili wakaacha kweli. Baadaye, 2018, akawa mwanamke wa kwanza kwenye ligi ya Overwatch, timu ya Shanghai Dragons.

Bwana Chenji
Shanghai Dragons si ndio hao walipigwa mechi zote msimu huo?

Mrefu wa Nakuru
Zote 40. Yeye alikuja msimu umeshaanza, mkosi ulikuwa umeshafika kabla yake. Timu hiyo hiyo ilibeba kombe 2021.

Bwana Chenji
Akiwepo?

Mrefu wa Nakuru
Alikuwa amestaafu.

Bwana Chenji
Sina la kuongeza.

Mrefu wa Nakuru
Wewe ukienda kazini, kampuni ikifunga, tunasema ni wewe? Wanaume wangapi walikuwa kwenye hizo mechi 40? Taja jina moja la mwanamume aliyepoteza zile mechi. Huwezi. Unamkumbuka yeye tu.

Bwana Chenji
Wewe ndiye uliyemtaja, mimi nimeuliza matokeo. Usinipandishie sauti, mimi si mtoto wako.

Fundi Sola
Mimi naona watu wawili wanaogombana wote hawajawahi kuigusa Overwatch.

Kiroboto
Ipo kwenye flashi?

Wakili Mtoro
Haiwezekani kuwa kwenye flashi, inachezwa mtandaoni. Jamani, nimeuliza swali moja: kununua au kuacha.

Mama Ntilie 2.0
Mimi sinunui, wala siachi.

Pedi Mbovu
Wakili tutarudi kwako. Kwanza nataka kumaliza na huyu dada (nimebadilisha, mmeona). Nasema hivi: pedi mbovu au nzima, Eddy hanipigi. Nakinga chini vizuri tangu 2001. Jumamosi niko Tanga kwa shughuli za msiba wa shangazi, Jumapili nina nafasi. Tafuteni mashine.

Kiroboto
Mashine ninayo mimi, na Tekken 3 imo. Nauli yangu ya kutoka Dar mnachanga.

Mama Ntilie 2.0
Anayepigwa analipa wali. Na madeni ya zamani yanaunganishwa humo humo.

Bwana Chenji
Nani mwamuzi? Isije ikawa mtu akipigwa kesi inakwenda California.

Binti wa Chumbageni
Jumapili saa kumi, baada ya ile saa tisa yenu. Namchukua Eddy. Na pedi nakuja nayo mwenyewe.