Kwa nini Sipi inaanguka mara tatu?

DerevaMbale:
Wazee, habari zenu. Jumamosi nilipeleka wageni Kapchorwa, huku mashariki mwa Uganda, tukazunguka maporomoko yote matatu ya Sipi. Mama mmoja akaniuliza: mto ni mmoja, mlima ni mmoja, mbona maji hayateremki tu? Yanaruka, yanatulia, yanaruka tena. Nikamjibu Mungu ndiye ajuaye. Alicheka, lakini niliona haya. Njia hii naipita mwaka wa sita sasa.

MzeeWaKamba:
Nzuri, kijana. Mungu anajua, lakini mawe nayo yanasema. Mimi nimeshusha watu kwa kamba kando ya poromoko la chini, lile la mita 100 hivi. Ukining'inia pale ukuta uko puani, huna pengine pa kutazama.

Mlima ambao Sipi inateremka ni Elgon, ambao Wagisu wanauita Masaba, volkano iliyozimika zamani sana. Kwa umri, Kilimanjaro ni mtoto kwake. Wakati wa uhai wake haukutoa kitu kimoja. Mara ulimwaga lava, ikapoa ikawa jiwe gumu. Mara ulitema majivu, au tope lililobeba mawe, yakagandamana kuwa mwamba laini. Tabaka juu ya tabaka. Lile gumu ukiligonga kwa chuma linalia. Lile laini kokoto zimepachikwa ndani yake kama maharage kwenye posho, na ukilikwaruza linatoa vumbi.

Mto ukifika kwenye ukingo wa lava hauwezi kuukata upesi, basi unaruka. Chini, maji na rasharasha yanakula lile laini, ukuta unaingia ndani. Ndiyo maana nyuma ya maji kuna pango. Lava ya juu inabaki kama bati lisilo na boriti, hadi siku kipande kinakatika. Poromoko linarudi nyuma kidogo kuelekea mlimani, korongo linarefuka. Kisha tabaka gumu jingine, mruko mwingine.

BodaSuam:
Kwa hiyo hata maporomoko ya Murchison, kule kwenye mto Nile, yametokana na volkano?

MzeeWaKamba:
Hapana, usichanganye. Kule Nile nzima inabanwa kwenye mwanya wa mita 7 hivi, ikaanguka mita 43, lakini mwamba wake ni wa kale kuliko Elgon, haukumwagwa na volkano.

BintiWaSabiny:
Kuhusu mapango: nyanya alisema zamani watu waliingiza ng'ombe humo, na ng'ombe walilamba kuta. Ni kweli?

MzeeWaKamba:
Kweli kabisa, binti yangu. Yale majivu yana chumvi, na maji yakipenya huiacha ukutani kama ukoko mweupe. Ng'ambo ya Kenya, pango la Kitum, tembo huingia gizani na kung'oa ukuta kwa pembe ili wale chumvi. Wanapapasa njia kwa mkonga. Nyanya yako hakukudanganya.

DerevaMbale:
Asante mzee. Jumamosi nina kundi jingine. Naweza kuwasimamisha nyuma ya maji wapige picha?

MzeeWaKamba:
Kiangazi, sawa. Mvua ikiwa imenyesha usiku, wasikae chini ya ule ukingo. Nimekuambia habari ya bati na boriti. Na waambie wavae viatu vya kushika, siyo ndala; lile tope la majivu likilowa linateleza kuliko sabuni.