Pikipiki ndani ya uwanja wa mpira: Lubumbashi itazipokea?

Mwanzisha mjadala

Naliweka swali mezani. Kuna watu wanaotaka motokrosi iingizwe ndani ya uwanja wa mpira hapa Lubumbashi: vilima vya udongo, miruko, pikipiki zikizunguka mbele ya majukwaa. Wanaopinga wamegawanyika. Wengine ni wapenzi wa motokrosi ya asili, ya mlimani na porini, wanaosema ya uwanjani ni maonyesho tu. Wengine ni watu wa mpira, wanaosema uwanja usiguswe.

Jambo lenyewe ni la zamani. Tarehe 28 Agosti 1948 walishindana ndani ya uwanja wa Buffalo, Montrouge, kando ya Paris. Lililolipa jina kubwa ni shindano la tarehe 8 Julai 1972 katika uwanja wa Memorial Coliseum, Los Angeles, ambako kijana wa miaka 16, Marty Tripes, aliwashinda watu wazima. Mwaka 1974 Marekani ikaanzisha ubingwa wa mbio hizo, supakrosi, na mwaka 1984 Wafaransa wakaanza yao Paris-Bercy, chini ya paa.

Mimi naunga mkono, na sababu yangu ni macho ya mtazamaji. Porini unasimama kwenye kona moja, pikipiki zinapita, kisha unabaki na vumbi dakika mbili hadi zirudi. Uwanjani mzunguko ni kama dakika moja na njia yote iko mbele yako. Aliyezoea kutazama mpira ataelewa mbio hizi siku ya kwanza.

Mzee wa Mlimani

Mwanangu, kuona kila kitu na kuona mbio ni mambo mawili. Motokrosi ya ubingwa wa dunia ni dakika 30 na mizunguko 2 ya nyongeza, mara mbili kwa siku, watu 40 kwenye geti la kuanzia. Supakrosi ya pikipiki za cc 450 ni dakika 20 na mzunguko 1, watu 22. Ndani ya zile dakika za mwisho, mikono imekufa ganzi na mifereji ya matairi imefika kina cha magoti, ndipo unapomjua dereva. Mpanda pikipiki wa mlimani anasoma ardhi upya kila mzunguko: njia iliyokuwa ya kasi asubuhi, mchana ni mtego. Vilima vya uwanjani vimepimwa kwa futi, kila mtu anaruka palepale.

Sisi huku tuliupata mchezo huu kupitia Wabelgiji, na kwao ndiko kulikokuwa na Namur, mbio za kuzunguka ngome juu ya mlima, katikati ya miti, kuanzia 1947 hadi 2007. Stefan Everts, mwenye mataji 10 ya dunia, ni mtoto wa shule hiyo. Ukitaka kunivuta, nionyeshe ardhi.

Na tazameni jamaa wa spidiwei, wale wa pikipiki za cc 500 zisizo na breki wala gia za kubadili, watu wanne, mizunguko minne. Kuanzia 2001 Waingereza waliwapeleka katika uwanja mkubwa wa Cardiff, wakiweka njia ya muda kila mara. Mwaka 2025 mbio hizo zilihamia Manchester, kwenye njia ya kudumu. Baada ya miaka zaidi ya ishirini!

Fundi wa Udongo, Katuba

Mzee, kwa ardhi uko sawa, na ndiyo maana nadhani mjadala huu unaanzia pabaya. Tunabishana juu ya uwanja au mlima. Kinachomleta mtu mara ya pili ni udongo.

Mfano mbaya kuliko yote ni Warsaw, tarehe 18 Aprili 2015. Spidiwei ileile, uwanja wa taifa, watu zaidi ya 50,000, na ilikuwa siku ya kumuaga Tomasz Gollob, dereva shujaa wa Wapolandi. Geti la kuanzia likagoma, njia ikamomonyoka, na baada ya mbio 12 shindano likavunjwa. Taa zilikuwepo, muziki ulikuwepo. Mwaka uliofuata walirudi na njia iliyoshika, na watu wakarudi pia. Kwa hiyo shabiki husamehe, ila huwa anakumbuka.

Sasa hesabu ya kwetu. Chukua njia ya mita 350, upana mita 6, kina sentimita 30: ni mita za ujazo 630 zikiwa zimeshindiliwa. Miruko kumi ya urefu wa mita 1.5, kitako mita 8, inakula 36 kila mmoja, jumla 360. Udongo uliochimbwa huvimba, zidisha kwa 1.3. Unapata karibu 1,290, yaani kamyo (malori) 129 zenye bene, sanduku la nyuma, ya mita za ujazo 10. Anayesema "tutaleta kamyo ishirini" anajenga matuta ya barabarani.

Udongo gani? Laterita nyekundu ya kando ya barabara siitaki: ina changarawe, na tairi la nyuma linairusha kama teo hadi kwenye majukwaa. Tuna kitu bora, kichuguu. Vichuguu vyetu vikubwa vina udongo uleule wanaofyatulia matofali. Ukiutumia peke yake, mvua kidogo unateleza kama sabuni, jua kidogo unapasuka. Anza na sehemu mbili za kichuguu kwa moja ya mchanga, uchekeche kwa wavu wa matundu ya milimita 20. Kisha jaribu kwa mkono: kamata konzi, bana kwa nguvu, fungua vidole. Donge libaki na alama za vidole, na ukiligusa kwa kidole gumba livunjike vipande viwili au vitatu. Likibaki kama ugali, kuna maji mengi. Likitawanyika kama unga, ni kavu au mchanga umezidi.

Shindilia kwa tabaka za sentimita 15. Ukimwaga sentimita 50 mara moja na kupitisha rola, juu panakuwa gamba na chini pamelegea. Panapoumiza watu ni mdomo wa mruko. Tairi zinachimba kijishimo pale juu, gurudumu la nyuma linapigwa teke, na dereva anatua kwa kichwa. Kati ya mbio moja na nyingine watu wawili wenye majembe na kishindilio cha mkono wapite kila mdomo. Dakika kumi zinatosha, ila zisikatwe kamwe eti ratiba imechelewa.

Maji: msimu wa kiangazi mwagilia jioni ya kuamkia mbio, si saa ya mbio. Lita 5 kwa mita ya mraba, kwa mita za mraba 2,100 ni lita 10,500, kama bozi moja ya maji, kwa mikupuo mitatu ili yanywewe. Unga wa mbao kidogo kwenye tabaka la juu unasaidia kushika unyevu.

Mtunza Nyasi

Nimesoma yote na bado sijaona nani anaongea kwa niaba ya uwanja. Ule wa TP Mazembe kule Kamalondo, wa tangu 2011, una majani ya bandia. Majani hayo yamesimama kwa mchanga na punje za mpira zilizomwagwa katikati yake. Udongo laini wa kichuguu ukiingia humo, mashimo ya kupitisha maji yanaziba na huwezi kuutoa kwa ufagio. Kamyo iliyojaa inakaribia tani 25. Ikikata kona juu ya zulia inalikunja na kufungua maungio.

Ulinzi upo, lakini una bei: kitambaa cha kuchuja, juu yake plastiki nene, juu yake mbao za tripleksi tabaka mbili zikipishana ili maungio yasikutane. Mruko wa mita 1.5 unakandamiza karibu tani 3 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo hauwekwi juu ya mifereji ya maji. Kwa nyasi za kweli ni siku tu: siku chache chini ya mbao zinageuka njano, wiki zikipita unapanda upya. Kujenga siku tatu, mbio siku moja, kutoa siku mbili, tayari ni sita.

Mtu wa mpira hapingi kwa roho mbaya. Anajua Jumapili Kunguru, yaani Mazembe, au timu ya Lupopo wanacheza, na mpira ukidunda vibaya lawama itamwangukia mtunza uwanja.

Kwa hiyo napinga Kamalondo. Lakini kuna viwanja vya mitaa yetu ya hapa mjini, Katuba, Kenya, Ruashi, ambavyo ni udongo mtupu. Pale hakuna zulia la kulinda wala mbao za kununua.

Mzee wa Mlimani

Hapo Mtunza Nyasi amenigusa. Uwanja wa udongo una ardhi yake mwenyewe. Unaweza kuacha njia miezi, ikazeeka, ikapata mifereji.

Mwanzisha mjadala

Na majukwaa je? Faida yote ya uwanja ilikuwa mtazamaji aone.

Fundi wa Udongo, Katuba

Kichanja cha udongo cha mita 2 kwenye pande mbili ndefu, chenye ngazi, kinatosha kwa mtu kuona kona ya mbali. Uzio uwe mita 5 kutoka njiani, na usikae kamwe upande wa nje wa kona wala mbele ya mruko.

Kijana wa Ruashi

Wakubwa, mnasahau nani anaijua pikipiki katika mji huu. Ni manseba, madereva wa pikipiki za abiria. Hao ndio mashabiki wa kwanza. Wekeni mbio zao na uwanja utajaa kabla ya saa nane. Wanapanda TVS na Boxer kutwa nzima kwenye mashimo, wataruka.

Fundi wa Amortisa

Mdogo wangu, hawataruka, na nakuomba usilirudie mbele ya vijana. Pikipiki ya motokrosi ina mwendo wa amortisa (shokamzoba) wa milimita 300 hivi. Ya manseba, ya mbele, inafika karibu 120. Ikitua kutoka mita 1.5 fimbo zinagonga mwisho, nguvu yote inaingia shingoni mwa fremu, na hapo ndipo weldi inapopasuka. Mara nyingi haikatiki siku hiyo: inaachia ufa mdogo chini ya rangi, na wiki mbili baadaye inakatika barabarani akiwa na mama na mtoto nyuma.

Lakini wazo la kuwaingiza manseba nalipenda, kwa njia bapa. Duara la yai, watu wanne, mizunguko minne, alama 3, 2, 1, 0, kama spidiwei. Toa vioo, kioo cha taa na kibebea mizigo. Funga kamba ya kuzima injini kwenye kiganja, ili mtu akianguka moto ukatike. Upepo wa tairi upungue kidogo. Huku kwetu ni karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na injini inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu. Mwenye karibureta iliyopangwa kwa pwani ashushe jikle (kitundu cha kupitisha mafuta) namba moja, aangalie buji (plagi). Rangi ya hudhurungi ndiyo nzuri, nyeusi ni mafuta mengi.

Yaya wa Dharura

Mimi nitasema machache, ila haya hayana majadiliano. Ambulensi mbili. Moja ikiondoka na majeruhi, mbio zinasimama hadi irudi. Ubao mgumu wa kubebea na kola za shingo za saizi tofauti viwe ndani ya uzio, sio getini. Hakuna wa kuvua kaski (helmeti) ya aliyeanguka isipokuwa waliofundishwa, na wawe wawili: mmoja anashika kichwa na shingo, mwingine anavuta.

Kila mruko usioona mbele yake uwe na mshika bendera wake, amesimama pale wanapotua. Njano ni hatari. Nyeupe yenye msalaba mwekundu maana yake kuna matabibu njiani, magurudumu yabaki chini. Dereva akiruka penye bendera hiyo, aondolewe siku hiyohiyo.

Na msiandae usiku. Umeme ukikatika mtu akiwa hewani, jenereta inayowaka baada ya sekunde kumi haimsaidii. Anzeni saa nane mchana, mmalize kabla ya saa kumi na moja na nusu, na mruko usimwelekeze mtu magharibi jua likishuka.

Mtunza Nyasi

Kwa masharti ya Yaya na bila kugusa zulia, mimi sina upinzani. Ila kelele: Kenya na Katuba nyumba zimebanana. Wapime mlio wa kila pikipiki kwa umbali wa mita 2 kabla ya kuingia, na isiwe Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani.

Mzee wa Mlimani

Mimi bado nina moja. Dakika 20 mara moja sizikubali. Wapeni mbio mbili za dakika 20, na kati yake msilainishe kona. Midomo ya miruko rekebisheni kwa usalama, lakini kona acheni zichimbike. Na nafasi za katikati ya miruko zijazwe udongo, iwe kama meza, ili anayeshindwa kufika atue juu yake asiangukie shimoni. Sisi wazee hatupendi kuona watoto wakivunjika ili watu wapige makofi.

Fundi wa Udongo, Katuba

Kona zichimbike, sawa Mzee, ila kuna kipimo. Kabla ya kuita mtu yeyote tujenge kipande cha majaribio: mita 20 kwa 6, kina sentimita 30. Ni kamyo tano tu. Kimwagiliwe jioni, asubuhi pikipiki tatu zipite mara ishirini ishirini. Kisha tuweke ubao juu ya mfereji na kupima kwa rula. Ukizidi sentimita 10 kwenye sehemu iliyonyooka, mchanganyiko umekosewa na kichuguu kiongezwe. Usipofika hata 2, kona hazitachimbika na Mzee hatakuja.

Kuchimba ni Juni, kukiwa kukavu, na rundo lifunikwe kwa turubai, maana upepo wa Agosti unalikausha juu hadi linakuwa mawe. Turubai moja ya mita 10 kwa 12 inatosha kwa rundo la kamyo tano. Nani anayo?