Bendera yangu ya joka imefutiwa chai

Binti_Swansea

Natetemeka ninapoandika. Ndiyo kwanza naingia nyumbani, hata viatu sijavua.

Nyote mnamjua, sina haja ya kutaja jina. Yule wa kuja kwa watu mikono mitupu na kuondoka na kontena la pilau. Yule ambaye kila mechi yeye ndiye kocha, mwamuzi na mtangazaji, mpaka televisheni inanyamaza kwa aibu.

Leo tulikuwa kwa shemeji kuangalia kriketi, England inacheza. Nimeingia na jezi yangu ya England na bendera yangu ya Wales, ile ya joka jekundu, nikaitandika kwenye mkono wa kochi kama siku zote. Chai ikamwagika. Chai yake, kaipiga kumbo mwenyewe akiruka kushangilia wiketi, yaani mpigaji wa wapinzani katolewa. Kitambaa kiko jikoni, hatua nne. Yeye kanyoosha mkono, kaivuta bendera yangu, kafuta chai.

Kafuta chai kwa joka, jamani!

Nikamwambia, "Kaka, hiyo ni bendera." Hakunitazama hata usoni. "Bendera ya nini, dada? Hii ni England. Nyie Wales mnacheza lini?"

Chumba kizima kikacheka. Mwanangu alikuwa kakaa pale kwenye zulia. Kazaliwa Morriston, hapa hapa Swansea, walikozaliwa Simon Jones na Robert Croft. Croft huyo kaichezea England mechi 21 za siku tano. Jones kachukua wiketi 18 kwenye Ashes ya 2005, ile ya England na Australia. Mnakumbuka pale Old Trafford? Michael Clarke wa Australia kainua gongo lake juu auache mpira upite, mpira ukaingia ndani kama mwizi ukang'oa kigingi. Huyo mfuta chai siku ile alipiga kelele mpaka majirani wakagonga ukuta! Hakuuliza Wales inacheza lini.

Tunacheza leo. Ndiyo hii tunacheza. Wales hatuna timu yetu, wachezaji wetu wamo humu, na bodi yenyewe ya kriketi ni ya England na Wales, ingawa kwenye herufi zake wameandika ECB, na W yetu sijui nani kaila. Tony Lewis wa Swansea aliiongoza England kule India mwaka 1972. Eoin Morgan kazaliwa Dublin, na 2019 ndiye kapteni wa England aliyelinyanyua Kombe la Dunia pale Lord's. Kuna aliyefutia chai bendera ya Ireland?

Na msiniambie tujitenge kama Scotland yenye timu yake. Glamorgan, timu yetu ya Wales, iko kwenye ligi ya kaunti tangu 1921, tumo humo humo.

Bendera ile niliinunua Cardiff, Julai 2009, mechi ya kwanza ya siku tano kuchezwa Wales. Australia walikuwa wanahitaji wiketi moja tu washinde. Anderson na Panesar wa England, watu wasiojua kupiga, wakasimama mipira 69 mpaka sare. Mimi niliing'ata ile bendera. Alama za meno yangu zimo kwenye mkia wa joka mpaka leo. Juu ya meno hayo ndipo kafutia chai. Ya maziwa. Ya tangawizi!

Kibokoni88

Pole sana dada. Sasa hiyo chai walimpa nyingine, au alibaki bila?

Shahidi_wa_Kochini

Mimi nilikuwepo, acha kutia chumvi. Kafutia upande wa kijani. Joka lilipata matone mawili tu.

Binti_Swansea

Matone mawili ni joka lililofutiwa chai! Na wewe nilikuona ukicheka na sambusa mdomoni.

Shahidi_wa_Kochini

Nilikuwa nimepaliwa.

Mpemba_Leicester

Bi dada, wewe walilia chai. Sie Zanzibar kwenye soka tuliingizwa CAF, shirikisho la Afrika, Machi 2017, Julai hiyo hiyo tukatolewa. Miezi minne! Hata koti la sherehe halijarudi kwa dobi. Taifa Stars ikicheza naambiwa ni timu yetu sote. Nikipeperusha bendera ya Zanzibar, naambiwa n'naleta siasa.

Kibokoni88

Huyo kaanza. Fei Toto wa kwenu Zanzibar si anacheza Stars?

Mpemba_Leicester

Fei Toto mmemchukua. Bendera yake mbona hamkuichukua?

Binti_Swansea

Umeona! Ndiyo hayo hayo ninayosema mimi! Mtu wanamtaka, bendera yake wanafutia meza.

Mwana_wa_Nakuru

Nyinyi nyote mna timu za kulilia. Sisi Kenya tulicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi 2003, Durban, na Tikolo ndiye kapteni. Juzi nimemwambia kijana wangu, akanipapasa kipaji kuona kama nina homa. Nani alifutia chai kriketi ya Kenya? Huyo ndiye mfungulie uzi.

Mpemba_Leicester

Kenya mlitolewa na India kwa mikimbio 91, usitupotezee muda. Tuzungumze CAF.

Mwana_wa_Nakuru

Angalau tulifika hapo pa kutolewa!

Kibokoni88

Hahaha! Mpemba, jibu hiyo.

Binti_Swansea

Jamani, bendera yangu. Nimeiloweka kwenye beseni tangu saa mbili. Ile nyekundu imeanza kuchuja na doa liko pale pale.

Mpemba_Leicester

Sijibu mtu wa Nakuru. Challenge ya 1995, soka ya Afrika Mashariki na Kati, kombe lilikuja Unguja, aulize wakubwa zake.

Shahidi_wa_Kochini

Shemeji anauliza nani kaondoka na kontena lake la kifuniko cha bluu.

Mwana_wa_Nakuru

1995 nilikuwa sijaanza shule. Leteni ya juzi.