Mgonjwa wa akili: tunamtibu yeye peke yake, au yeye na watu wake?

Mdadisi: Wakuu, hili linaniuma. Kwa nini mgonjwa wa akili bado anaingia kwa daktari peke yake, dakika chache, dawa, njoo mwezi ujao? Kule Tornio, Finland, tangu miaka ya 1980 mwanasaikolojia Jaakko Seikkula na wenzake walijenga utaratibu mwingine: mtu akianza kuchanganyikiwa, timu inakutana naye ndani ya saa 24, pamoja na familia na yeyote aliye karibu naye. Mambo yake hayajadiliwi akiwa hayupo. Uhusiano wenyewe ni tiba, si nyongeza ya tiba.

Nesi wa Zamu: Mkuu, mtu asiyelala siku nne, anayesikia sauti zikimwamuru aruke, hatulizwi na kikao. Dawa kwanza. Na matokeo mazuri yanayosifiwa ya Tornio hayakutokana na wagonjwa waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine wapate utaratibu huo na wengine wa kawaida ili walinganishwe, kwa hiyo tuyapokee kwa tahadhari. Halafu tuseme ukweli: familia ndizo zinazotuletea watu walewale kila baada ya miezi michache. Mtafiti George Brown alishaonyesha London zamani kwamba anayerudi kwenye nyumba ya lawama na ukali huugua tena kwa urahisi zaidi. Sasa tuwakalishe naye haohao waliomharibu?

Dada Mkubwa: "Waliomharibu"? Nesi, rudia kusoma ulichoandika. Namuuguza mdogo wangu mwaka wa kumi na moja huu. Nikitikisa chupa ya vidonge tu najua ameruka siku ngapi. Nimetandika mkeka mlangoni pake asitoke usiku. Mimi ndiye niliyemharibu?

Nesi wa Zamu: Sikukutaja wewe, dada. Nimesema familia.

Dada Mkubwa: Na mimi ni nani kwake, jirani?

Mpita Njia: Tusigombane. Kuna daktari Mnigeria, nadhani miaka ya sitini, aliwaweka wagonjwa vijijini badala ya wodini, kila mmoja na ndugu yake.

Mdadisi: Ni Thomas Lambo, hospitali ya Aro, Abeokuta, mwaka 1954. Mgonjwa alipanga kijijini na ndugu, mchana anafika hospitali kwa matibabu. Dawa zilikuwepo, Nesi. Hakuna aliyesema zitupwe.

Mpita Njia: Na wale bibi wa Zimbabwe wanaokaa na wagonjwa kwenye benchi?

Nesi wa Zamu: Lile benchi la daktari wa akili Dixon Chibanda nalikubali. Lilianza Harare 2006, na majaribio yaliyochapishwa 2016 yalionyesha nafuu kubwa. Lakini ni kwa sonona na kile Washona wanachoita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Msilibebeshe skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuchanganyikiwa.

Dada Mkubwa: Bado hujanijibu. Utafiti wako wa lawama unasema tufukuzwe, au tufundishwe? Maana kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeniketisha akaniambia nifanye nini anapoanza kuongea na ukuta. Mwanzo nilimfokea, ndiyo. Niliogopa.

Nesi wa Zamu: Mfundishwe. Familia ikifundishwa, mgonjwa harudi wodini mara kwa mara, hilo limepimwa sana. Neno "waliomharibu" nalifuta. Nimeliandika nikitoka zamu ya usiku, watu wawili kwa wodi nzima. Mnataka tukae saa nzima na kila familia, nani atabaki na wengine?

Mdadisi: Hapo sasa ni suala la watumishi, na ni kweli.

Bado Nipo: Nimesoma tangu juu. Mnabishana nani aliniharibu na nani atakaa na nani, na mimi mgonjwa nipo humuhumu. Miaka sita natumia dawa, zinanisaidia, siziachi. Kinachonikata ni hiki: naingia na kaka yangu, daktari anamtazama kaka. "Analala? Anakula? Hana fujo?" Mara ya mwisho nilikunja kadi yangu ya kliniki mpaka ikachanika kati. Kaka aliona, akaninyang'anya.

Nesi wa Zamu: Hata mimi nimewahi kuuliza hivyo. Ndugu hujibu haraka na foleni ni ndefu. Samahani.

Dada Mkubwa: Na mimi humjibia mdogo wangu kila mara. Nilidhani namsaidia. Kaka, ungetaka uulizwe nini?

Bado Nipo: Hayohayo. Nililala saa ngapi. Ningemwambia: saa tisa usiku, na si sauti zilizoniamsha, ni dawa ya asubuhi niliyoinywa jioni kwa makosa. Kaka hajui hilo mpaka leo.